Wimbo wa Mtu Aliyepaka Liwa

Nilikuwa jikoni napeta mchele, mwanangu Salma yuko sebuleni na simu yake, nikasikia mtu akihema. Kuhema tu, kama aliyepanda ngazi mbio. Kisha ngoma ikagonga mara tatu, ikanyamaza, na kabla haijarudi ungo ulikuwa umeshaniponyoka na mchele wote uko chini. Salma alikuja akidhani nimeanguka. Nikamwambia, "Sasa hivi atapiga ukelele." Na kweli, yule mtu wa kwenye simu akapiga ukelele.

Salma aliniangalia, akaiangalia simu, akaniangalia tena. "Mama, wewe hawa umewajulia wapi?"

Haki yake kuuliza. Mamake ni mwanamke wa buibui, huku Mombasa anajulikana kwa achari na mawaidha, na hata taarabu huisikiliza kwa sauti ndogo. Basi akaketi kunifundisha, maana watoto wa siku hizi hawapendi kitu kama kumfundisha mzazi. Akasema hawa ni bendi ya wazungu waliokuwa wakijipaka nyuso na kusema maneno ya kuudhi makusudi, hata wazee wa kwao wakawakataza watoto kuwasikiliza. Akasema huu ni katika nyimbo zao za mwanzo, ulitolewa peke yake kwenye kaseti kabla hawajawa watu, na sasa wanaopenda mambo hayo wanautafuta kama dhahabu. Kisha akanionyesha picha. Uso mweupe, weusi kuzunguka macho na kuteremka mashavuni, midomo myeusi.

Niliketi palepale juu ya mchele. "Huyu si mgonjwa," nikasema.

"Nani amesema ni mgonjwa?"

Wimbo ule nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, alasiri moja, kwetu kisiwani, Kizingitini, nami nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani ambaye hajamaliza hata juzuu ya kwanza. Lakini kuna mambo husikii mara mbili na bado huwezi kuyasahau mpaka kaburini.

Nyinyi wa rika langu mliokulia visiwani hamna haja ya kuelezwa barua ya kaseti. Mnakumbuka kwamba mama zetu wengi walisoma Kurani vizuri sana na barua ya posta hawakuisoma kabisa, na kwamba mtu akiwa safarini hakuandika, alisema. Kaseti moja ilikwenda na kurudi mpaka ikachakaa. Kanuni yake ilikuwa moja: upande wa kwanza ni wa msafiri, upande wa pili ni wa nyumbani. Msafiri akijaza wake, kaseti huja mkononi mwa mtu mwaminifu, husikilizwa alasiri mbele ya majirani, kisha nyumbani hujaza upande wao juu ya chochote kilichokuwako, na kaseti ile ile hurudishwa. Hakuna aliyejisumbua kuusikiliza upande wa pili kwanza. Ungesikia nini huko zaidi ya maneno yako mwenyewe ya mara iliyopita?

Msafiri wetu alikuwa kaka yangu Athmani. Baba alikuwa amekufa mimi bado nanyonya, Athmani akawa ndiye baba, ndiye kaka, na ndiye mchokozi wangu mkuu. Alipata kazi kwenye meli za mizigo, na kwa mshahara wake wa kwanza alituletea radio kubwa ya kaseti, nyeusi, ina mkono wa kushikia. Mama hakuigusa. Vidole vyake vilikuwa vya ukili, viliweza kusuka mkeka mtu akalia kwa uzuri wake, lakini kile kidude chekundu cha kurikodi alikiogopa kama nge. Kwa hiyo Athmani alinifundisha mimi. Bonyeza hiki na hiki pamoja ili irikodi. Hiki cha kusimamisha. Na kaseti ya muziki ya dukani, akanionyesha, ina vitundu viwili kwa juu, kimoja kwa kila upande, na vitundu hivyo ndivyo kufuli yake. "Ukitaka kurikodi juu yake, Esha, ziba kitundu kwa kikaratasi. Kufuli litafunguka."

Nilijivuna kwa elimu hiyo kuliko alif na be.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua ni la liwa. Mama alikuwa akisaga liwa juu ya jiwe kwa maji ya waridi, harufu ya msandali ikijaa ua mzima, kisha akijipaka usoni kupoza joto, na ikikauka uso unakuwa mweupe umepasukapasuka, macho yanatokeza peke yake. Mimi nilikuwa nimepakwa liwa mara moja tu, nilipougua tetekuwanga, nikiwashwa mwili mzima na kulia usiku na mchana. Tangu hapo nilishika akilini mwangu kwamba aliyepakwa liwa ni mgonjwa. Kila Mama alipojipaka mimi nililia, nikamletea maji, nikampepea kwa kipepeo. Wanawake wakicheka mpaka wanashika mbavu. Basi Athmani, alipoona hivyo, akawa anajichotea liwa ya Mama, anajipaka uso wote, na wanja machoni, ananifukuza uani huku akibweka na kuguna kama fisi. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kupata tena kicheko cha namna ile, na nimekitafuta.

Kisha likizo yake ikaisha, akarudi melini. Kaseti zake zikawa zinakuja kila baada ya miezi. Mwanzo wake ulikuwa ni ule ule: Bismillahi, salamu kwa Mama, salamu kwa kila mtu mmoja mmoja hadi paka, kikohozi, ndipo habari. Mama alikuwa akisikiliza huku akisuka, na mkono wake ulisimama pale tu sauti iliposema "Mama yangu."

Halafu ikapita miezi mingi bila kitu.

Siku aliyofika Bwana Shali, aliyekuwa akifanya kazi meli moja na Athmani, alikuja moja kwa moja nyumbani kutoka gatini, mfuko begani. Akampa Mama kaseti ndani ya kibweta chake cha plastiki. "Athmani asalimu," akasema. "Asema barua i ndani. Nami kesho asubuhi narudi, Bi mkubwa, kama mna jawabu nipeni." Akaenda kwao, alikuwa na mke aliyekuwa akimngoja.

Nikakipokea kile kibweta mimi, kwa kuwa radio ni kazi yangu. Juu yake palikuwa na picha ya mtu. Uso mweupe pe, wanja hadi mashavuni, midomo imekauka ikawa myeusi. Nilimwonea huruma kabisa, na nilijiuliza mamake yuko wapi, na kwa nini anapigwa picha badala ya kupepewa. Nilipoitoa kaseti nikatazama vitundu kama nilivyofundishwa. Kimoja kilikuwa wazi. Cha pili kimezibwa kwa kikaratasi kilichokunjwa vizuri.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Kaka ametuzibia upande wetu sisi, tusipate taabu ya kutafuta karatasi. Nikafurahi kuwa na kaka mwenye kufikiria mbali vile.

Alasiri wakakusanyika. Bi Rukia, jirani wa mlango kwa mlango, rafiki wa Mama tangu utoto wao, mwanamke ambaye ulimi wake haukulala hata akilala mwenyewe. Ami Bakari, mdogo wake marehemu Baba, aliyejiona ndiye mwenye nyumba yetu kwa kuwa hakuwa na nyumba yenye kumsikiliza. Na wanawake wawili watatu wa mtaani. Mama amevaa leso mpya kana kwamba Athmani atamwona. Nikatia kaseti, ule upande wa kitundu kilicho wazi, upande wa msafiri. Mama akasema Bismillahi, nami nikabonyeza.

Mtu akahema. Mama akasogea mbele. Ngoma ikagonga mara tatu, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Kisha ule ukelele.

Sijui niuelezeje ukelele ule kwa watu ambao hawakuwapo. Ulikuwa wa mtu anayechomwa, halafu anacheka kwa kuchomwa. Nyuma yake vyuma vikilia, na maneno ya Kizungu yakitoka moja moja kama yanatapikwa. Mwanamke mmoja akavuta ushungi akafunika masikio ya mtoto wake. Mama hakuondoa macho kwenye radio, mdomo wake wazi kidogo, akiwa anatafuta sauti ya mwanawe mle ndani kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

"Huyu si Athmani," Bi Rukia akasema mwishowe. "Na ikiwa ni Athmani, basi ana kitu kichwani, na kitu chenyewe chataka ngoma saba ndipo kitoke."

Mimi nilikuwa nalia kimyakimya. Sikulia kwa kuogopa. Nililia kwa kuwa nilijua ni yule mgonjwa wa pichani, na sasa nimesikia jinsi anavyoumwa.

Wimbo ukaisha. Ikabaki ile sauti ya mkanda unaokwenda mtupu, shhh. Mama akainua mkono, tusiseme. Tukangoja. Mkanda ukaenda mpaka mwisho, radio ikajifyatua yenyewe, tak. Mama akauliza kwa sauti ndogo, akiuliza radio na si sisi, "Amesahau kusema?"

Hapo ndipo Ami Bakari alipopata nafasi aliyokuwa akiitafuta. "Hakusahau. Amekutumia alichokuwa nacho. Nilisema toka mwanzo, mwana wa watu hapelekwi melini kukaa na makafiri akarudi mzima. Miezi yote hii, na salamu yake kwa mamake ni hii, mbele ya watu wazima. Jibu yeo yeo, Shali aondoka kesho. Mjibu akome."

Laiti Mama angekuwa peke yake. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Lakini haya mbele ya majirani ni moto, na alikuwa amevaa leso mpya. Akanigeukia. "Geuza kaseti, Esha."

Nikageuza. Nikatazama kile kikaratasi kilivyokaa vizuri kitunduni, nikabonyeza vile vidude viwili pamoja, kile cheusi na kile chekundu. Kidole changu hiki, cha shahada.

"Athmani mwanangu," Mama akasema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mtu anayezungumza ili wengine wasikie. "Barua yako imefika. Tumesikiza sote. Sikukulea mimi kwa kelele hizo. Ikiwa huko uliko watu huteka wakashika mbavu kwa mambo hayo, basi kaa huko huko uteke nao. Usirudi hapa ukanitia aibu. Mimi sina mwana mwendawazimu." Akaendelea, akasema mengine, ya baba yake kaburini, ya maziwa yake, huku Ami Bakari akitikisa kichwa kukubali. Kisha akaishiwa. Akanifanyia ishara kwa kiganja. Nikasimamisha.

Watu wakatawanyika, maghribi ilikuwa karibu. Mama akaenda kisimani kutawadha. Mimi nikabaki na radio, na kwa kuwa Athmani alinifundisha kwamba ukimaliza kurikodi lazima uhakikishe, nikarudisha mkanda kidogo na kuusikiliza. Nikasikia Mama: "...mwana mwendawazimu." Nikasikia yale ya maziwa. Nikasikia tak ya kidole changu. Na baada ya tak, nikasikia mtu mwingine.

"...ndiyo mambo yalivyo, Mama yangu. Nimekwambia yote, sikukuficha. Basi nangoja neno lako. Ukisema ndoo, nitakuya, hata kesho. Ukinyamaa, nitayua. Na huo wimbo wa upande wa pili ni wa Esha. Nimeuona uso huo dukani, nikamkumbuka na liwa yake, nikateka peke yangu kama mwehu. Mwambie huyo si mgonjwa, amejipaka tu. Wasalaam."

Alikuwa amejaza upande mzima. Mama alisema maneno machache kuliko yeye, na hicho ndicho kilichobaki, mkia. Yale yote aliyosema hakuyaficha, sisi tuliyafuta bila kuyasikia, kwa kidole changu. Kile kikaratasi hakukiweka kwa ajili yetu. Alikiweka ili arikodi yeye. Meli haina duka la kaseti tupu, alikuwa na ile moja tu aliyoninunulia zawadi, akaacha wimbo wangu upande wa mbele na kumwachia Mama upande wa nyuma.

Nilijua nini cha kufanya. Mtoto hujua. Nilipaswa kukimbia kisimani na kusema, Mama, Kaka amesema, yuko upande wa pili, angoja useme ndoo. Ndoo kwetu ni njoo, neno dogo ambalo ningeweza kulibeba mimi mwenyewe mpaka kisimani lisimwagike. Mama angeyafuta maneno yake makali na kusema lile moja. Lakini ningesema hivyo, ningelazimika kusema pia kwamba ni mimi niliyemfuta mwanawe. Nikasikia viatu vyake vya miti, ko, ko, ko, akirudi na udhu. Nikaitoa kaseti, nikaitia kibwetani, nikamkabidhi.

Nikajiambia nitasema kesho asubuhi. Asubuhi Mama akakifunga kile kibweta kwa kipande cha leso, akampa Bwana Shali mlangoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika nguo yake. Bwana Shali akanifinya shavu, akasema, "Huyu amekuwa mkubwa, aniangalia hivi kana kwamba anidai." Akaenda zake gatini. Sikusema.

Athmani hakurudi. Hakuleta kaseti nyingine, wala barua, wala salamu. Baadaye sana mabaharia walisema ameonekana bandari fulani, amefuga ndevu, kisha wengine wakasema ameoa huko, kisha hawakusema kitu tena. Mwaka ule ule mimi nilipelekwa mjini Amu kwa shangazi kusoma, nikawa narudi Kizingitini likizo tu. Nilirudi nikakuta Mama amehamishia radio chumbani kwake. Ijumaa baada ya alasiri alikuwa akijifungia, akisema ana uradi wake, na kwa nje nilisikia mnong'ono. Nilidhani ni uradi. Ami Bakari alipotaka tumsomee Athmani hitima, Mama alimwambia, "Hitima husomewa aliyekufa. Wewe umemuona maiti yake?" Na nilipoolewa, nikajenga, nikamsihi aje Mombasa akae nami apumzike, miaka nenda miaka rudi alinijibu neno moja: "Na huku nani atafungua mlango?"

Nilijua amngoja nani. Na kila aliposema hivyo nilijisemea moyoni kwamba mlango ule niliufunga mimi. Nilidhani Kaka aliyasikia maneno yale, kaa huko huko, usirudi, akayatii, kwa kuwa alikuwa mtiifu. Nimebeba hilo katika ndoa, katika uzazi, katika kila Idi. Hata kwenye mazishi ya Mama, wanawake walipokuwa wakinipa pole, nilitamani mmoja wao anitukane.

Sasa mnaelewa kwa nini mchele ulimwagika. Mama alikuwa ametutoka miezi saba, nami nilikuwa sijathubutu kufungua kasha lake. Siku ya pili yake nilimwambia Salma naenda kwetu. Akauliza, "Kwa sababu ya wimbo?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ya wimbo, na achari aziangalie.

Bi Rukia ndiye mwenye ufunguo. Amekuwa mdogo, ameinama, lakini ulimi ungali ule ule. "Umekuya na mikono mitupu kama mgeni wa serikali," akasema, na alikuwa ameshaanza kulia kabla hajamaliza. Akanipa ufunguo, tukaingia pamoja. Nyumba ilikuwa na harufu ya ukili mkavu na, kwa mbali, msandali. Nikafungua kasha. Juu leso, chini yake msahafu, chini yake radio imefunikwa kwa kanga. Nilipoinua radio niligundua ina betri, tena mpya, hazijavuja. Na chini ya radio, kimefungwa kwa kipande cha leso ninachokikumbuka, palikuwa na kile kibweta. Yule mtu wa liwa akaniangalia, picha imefifia.

"Hii ilikwenda," nikasema. "Bi Rukia, hii nilimuona Shali akienda nayo."

"Ilikwenda, ikarudi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Shali hakumkuta. Athmani alikuwa ameshushwa meli ile, amepanda nyingine, haijulikani ipi. Baada ya miezi Shali akairudisha, wewe uko Amu. Mamako akaniita nimbonyezee, akasikize alichosema mwenyewe, maana yalikuwa yakimkeketa. Ndipo tukamsikia mwana mwishoni."

Kwa hiyo Athmani hakuusikia ule ukali. Hakusikia lolote. Alingoja neno, akasikia kimya, na mwenyewe alikuwa amesema akisikia kimya atajua.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii, kwa nini Mama hakuniambia?"

Bi Rukia alinitazama kama anayepima kama nimekua vya kutosha. "Aliniapisha. Alisema, Esha asiyue kabisa. Alisema, kidole kilikuwa chake, lakini maneno yalikuwa yangu. Mtoto atabeba, na huu si mzigo wake."

Nikamwambia kwamba nilijua. Nilijua tangu jioni ile ile, yeye akiwa kisimani. Bi Rukia akanishika kidole kile cha shahada, akakifumba kiganjani mwake.

"Basi mulikuwa mwafichana kitu kimoya," akasema mwisho. "Yeye huku, nawe huku, kila mtu amekalia yai lake, na yai ni moya. Subhanallah."

Nilitia kaseti. Sikutaka upande wa wimbo, hiyo ni zawadi yangu na itaningoja. Nikatia upande wa Mama. Sauti yake ya ujana ikatoka, kali, kaa huko huko, nikaiacha ipite yote. Tak ya kidole changu. Kisha Athmani, amechakaa kwa kusikilizwa Ijumaa baada ya Ijumaa, herufi zinakatika, lakini ni yeye. Huyo si mgonjwa, amejipaka tu. Wasalaam.

Nikanyoosha mkono kusimamisha. Bi Rukia akanishika. "Ngoja. Kuna mwisho wake. Alijifundisha kile kidude chekundu wiki nzima kwa kaseti nyingine, asije akamfuta mwanawe tena. Mkanda uliobaki ni pumzi moya tu."

Nikangoja. Shhh. Tak, nzito, ya kidole kisichozoea. Kisha Mama, si yule wa mbele ya majirani, yule wangu mimi, wa uani, karibu sana na radio:

"Ndoo, baba."

Radio ikajifyatua.

Tulikaa mpaka adhana. Nikaitoa kaseti, nikachomoa pini kwenye mtandio wangu, na kwa ncha yake nikakitoa kile kikaratasi cha Athmani kitunduni, taratibu, ili asitokee mtu tena duniani wa kurikodi juu ya upande ule. Bi Rukia akaniuliza kama nyumba nitaikodisha. Kuna mwalimu wa bara anaitafuta, mtu wa heshima, analipa vizuri. Huko njiani nilikuwa nimeamua kuikodisha.

Nikamrudishia ufunguo mkononi, nikamfumba vidole. "Akija mtu akabisha," nikamwambia, "mfungulie."